Nyumba ya Montaigne na Kikanisa Chake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaoitembelea nyumba ya kimwinyi ya Montaigne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na wale waliolisikia jina lake darasani, hasa waliosomeshwa kwa Kifaransa. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Nyumba hii iko wapi, na ni nyumba ya namna gani?

Iko katika kijiji cha Saint-Michel-de-Montaigne, mkoani Dordogne, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Bordeaux. Imekaa juu ya kilima kinachopigwa na upepo, katikati ya mizabibu na misitu, na mto Dordogne unapita kilomita chache upande wa kusini. Mji wa jirani ni Castillon-la-Bataille, ambako mwaka 1453 yalipiganwa mapigano yaliyofunga ile Vita ya Miaka Mia baina ya Ufaransa na Uingereza.

Anayeijia akitarajia jumba la fahari kama yale ya wafalme kwenye bonde la mto Loire atashangaa. Hii ilikuwa nyumba ya bwana wa shamba: ua mpana uliozungushiwa ukuta, jengo kuu la makazi, mabanda na maghala, bustani, minara ya kona, na wakulima wa jirani waliomlipa bwana huyo kodi za ardhi. Nyumba za aina hiyo zilikuwa nyingi katika Ufaransa ya karne ya 16. Iliyoitofautisha hii na wenzake ni mtu mmoja aliyezaliwa, akaandika na kufia humo.

2. Mtu huyo ni nani?

Ni Michel de Montaigne, aliyezaliwa tarehe 28 Februari 1533 na kufariki tarehe 13 Septemba 1592. Alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bordeaux, kisha meya wa mji huo kuanzia 1581 hadi 1585, lakini sifa yake imetokana na insha zake. Toleo la kwanza la insha hizo lilichapwa Bordeaux na Simon Millanges mwaka 1580. Humo ameizungumzia nyumba yake kwa undani ambao mabwana wachache wa zama zake waliuacha katika maandishi, na ndiyo sababu tunaweza kuingia leo katika chumba cha mnara huku tukijua rafu zilipangwaje na dirisha lipi lilitazama wapi.

3. Je, ninachokiona leo ndicho alichokiona yeye?

Mnara ndiyo, jengo kuu hapana. Jengo kuu liliungua mwaka 1885 na kujengwa upya (swali la 19). Mnara wenye kikanisa, chumba cha kulala na maktaba ulinusurika.

## Ukoo, fedha na cheo

4. Ukoo wake uliipataje nyumba hii?

Kwa kununua. Mwaka 1477 Ramon Eyquem, mfanyabiashara wa Bordeaux aliyetajirika kwa samaki wa chumvi, mvinyo na rangi ya kutia nguo, aliinunua nyumba pamoja na ardhi na haki zake kwa faranga 900 za Bordeaux. Hakuifaidi, kwa kuwa alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe Grimon aliendelea na biashara mjini, na Pierre, mwana wa Grimon, ndiye wa kwanza kuishi hapo kama bwana hasa. Michel ni mwana wa Pierre, kwa hiyo Ramon alikuwa baba wa babu yake.

Ardhi hiyo haikuwa huru kabisa. Ilikuwa ndani ya himaya ya Montravel, ambayo bwana wake alikuwa Askofu Mkuu wa Bordeaux, na kila mwenye Montaigne alipaswa kumtolea ahadi ya utii. Jambo hili ni la kukumbukwa tutakapofika kwenye ukuta na minara katika swali la 6.

5. Je, kununua nyumba ya kimwinyi kulimfanya mtu kuwa mwinyi?

Si mara moja. Cheo katika Ufaransa ya wakati ule kilidai mambo ambayo fedha peke yake haikuyamaliza: kuacha biashara ya mkono kwa mkono, kuishi kwa mapato ya ardhi, kumtumikia mfalme kwa upanga, na zaidi ya yote kupita kwa muda wa kutosha hadi majirani wasahau. Ukoo wa Eyquem uliipanda ngazi hiyo kwa subira. Grimon alishika nyadhifa za mji, Pierre akaenda kupigana Italia katika majeshi ya mfalme Francis wa Kwanza na baadaye akawa meya wa Bordeaux, na Michel akaliacha jina la Eyquem, akajiita kwa jina la shamba tu. Mwaka 1571 alivikwa nishani ya Mtakatifu Mikaeli, nishani ya kifalme.

Wenye ndimi kali hawakusahau. Mwanachuoni Joseph Scaliger alimdhihaki kwamba baba yake aliuza samaki. Kwa maoni yangu dhihaka hiyo inasaidia kuielewa nyumba, maana nembo zilizochorwa ukutani, kikanisa, ukuta wa ua na hata Kilatini kilichozungumzwa mezani (swali la 7) vilikuwa pia njia za ukoo mpya kuthibitisha kwamba mahali pale ni pao.

6. Nani aliyeijenga kama tunavyoijua?

Msingi wake ni wa kabla ya ukoo wa Eyquem, lakini aliyeipanua na kuizungushia ukuta ni Pierre, baba yake Michel. Mwaka 1554 alipata ruhusa ya Askofu Mkuu ya kuiwekea kuta na minara, kwa kuwa mtu aliye chini ya bwana mwingine hakuweza kujijengea ngome apendavyo. Michel anamkumbuka baba yake kama mtu aliyependa sana kujenga, na anakiri kwamba yeye mwenyewe hakurithi mapenzi hayo: alimalizia kipande cha ukuta hapa na kurekebisha pembe iliyokaa vibaya pale, zaidi kwa heshima ya marehemu kuliko kwa raha yake.

7. Je, ni kweli watumishi wa nyumba walilazimika kuzungumza Kilatini?

Ni kweli kwa mujibu wa Michel mwenyewe. Pierre alimleta mwalimu Mjerumani asiyejua Kifaransa, akamkabidhi mtoto kabla hajaanza kusema, na kuweka sharti kwamba kila mtu nyumbani, kuanzia mama hadi mjakazi, asimsemeshe ila kwa maneno ya Kilatini aliyoweza kuyakusanya. Mtoto alipita miaka sita bila Kifaransa wala lugha ya wenyeji. Kilatini hicho kilimwagika hata vijijini jirani, ambako miaka mingi baadaye, anasema, bado palikuwa na mafundi na vifaa vilivyoitwa kwa majina ya Kilatini.

## Kikanisa

8. Kikanisa kiko wapi, na ndani kuna nini?

Kiko sakafu ya chini ya mnara uleule wenye maktaba. Si jengo linalosimama peke yake bustanini, kama wengi wanavyodhani kabla ya kufika. Ni chumba kidogo cha mviringo chenye kuta nene na mwanga hafifu, na altare yake imewekwa ndani ya shubaka la ukutani. Juu ya altare kuna mchoro wa Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu akimshinda joka. Mikaeli ndiye msimamizi wa kikanisa, wa parokia na wa kijiji, na pia ndiye aliyekuwa na jina moja na bwana wa nyumba.

Nembo ya ukoo nayo imo. Michel ameieleza mwenyewe: uga wa buluu uliotawanywa majani matatu-matatu ya dhahabu, na katikati unyayo wa simba wa dhahabu wenye kucha nyekundu uliolala kwa upana. Mara baada ya kuieleza anauliza ni haki gani aliyonayo mchoro huo ya kubaki katika nyumba yake, ilhali mkwe ataupeleka katika ukoo mwingine, au mnunuzi fulani ataufanya kuwa nembo yake ya kwanza. Baba wa babu yake alikuwa mnunuzi wa aina hiyo, na mrithi wake pekee alikuwa binti.

9. Kwa nini familia ijenge kikanisa nyumbani wakati kanisa la parokia liko karibu?

Kanisa la parokia la Saint-Michel liko umbali wa kutembea, na kikanisa hakikuchukua nafasi yake. Ubatizo, ndoa na maziko ya wanakijiji yalifanyika parokiani. Kikanisa kilikuwa kwa ajili ya Misa za nyumbani, sala za kila siku na nyakati ambazo kutoka nje hakukuwa salama, na katika miaka ya vita vya dini, baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, nyakati hizo zilikuwa nyingi.

Sababu ya pili ni hadhi. Kumleta padre asomee Misa chini ya paa lako kulikuwa alama ya ubwana iliyoonekana na kila aliyepita langoni, na kikanisa hiki kiko hatua chache tu kutoka lango la ua. Tena si kila aliyetaka aliruhusiwa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika kikao chake cha Septemba 1562, ulikataza Misa kusomwa katika nyumba za watu binafsi, isipokuwa mahali palipotengwa kwa ibada tu na kukubaliwa na askofu wa mahali. Kwa hiyo chumba chenye altare ya kudumu, kisichotumiwa kwa kazi nyingine, kilikuwa pia njia ya kulitii kanisa.

10. Kile kitundu cha kusikilizia Misa ni cha kweli au ni hadithi ya watembeza wageni?

Kitundu kipo. Katika chumba cha kulala, ghorofa moja juu ya kikanisa, kuna upenyo mwembamba ndani ya ukuta unaoshuka hadi chini, na sauti ya mtu anayesema mbele ya altare hupanda kupitia humo. Mgonjwa aliyelala juu aliweza kufuata sala bila kushuka ngazi.

Kinachopaswa kupokelewa kwa tahadhari ni picha ya bwana mvivu anayesikiliza Misa akiwa kitandani. Michel aliteswa na mawe ya figo kwa miaka mingi ya utu uzima wake, maradhi yaleyale yaliyomsumbua baba yake, na mtu mwenye maumivu ya namna hiyo hahitaji uvivu ili ashindwe kushuka ngazi nyembamba za mzunguko.

11. Je, mnara ulikuwa na kengele?

Ndiyo, na ilikuwa kubwa. Michel anasimulia kwamba kila siku, alfajiri na jioni, ilipigwa kengele ya Salamu Maria, na kishindo chake kilitikisa mnara wenyewe. Siku za mwanzo aliona hatavumilia, lakini baada ya muda mfupi akaizoea hata akawa anaisikia bila kukereka, na mara nyingi bila kuamka. Ameleta kisa hicho katika insha juu ya nguvu ya mazoea.

12. Je, familia yote ilikuwa ya Kikatoliki?

La. Michel alibaki Mkatoliki, lakini ndugu yake Thomas, bwana wa Beauregard, na dada yake Jeanne waliingia katika Uprotestanti. Binti wa Jeanne, aliyeitwa Jeanne de Lestonnac, alibaki Mkatoliki, akaolewa, akawa mjane, na mwaka 1607 akaanzisha shirika la watawa wa kufundisha wasichana. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1949. Upande wa mama, Antoinette de Louppes, ukoo ulikuwa na asili ya Wayahudi wa Hispania waliobatizwa, waliohamia Toulouse.

Yote haya yalikuwa chini ya paa moja au kwa jamaa wa karibu, wakati huohuo majirani wakichinjana kwa sababu ya Misa. Anayetazama mchoro wa Mikaeli na joka asidhani kwamba kila aliyeketi mezani pale alikuwa na msimamo mmoja juu ya nani joka.

## Mnara na maktaba

13. Mnara umepangwaje ndani?

Chini ni kikanisa. Juu yake ni chumba cha kulala pamoja na kijichumba cha pembeni, ambako Michel alilala mara nyingi alipotaka kuwa peke yake. Juu zaidi ni maktaba, ambayo zamani ilikuwa stoo ya nguo na ambayo yeye mwenyewe aliita sehemu iliyokuwa haina kazi kuliko zote katika nyumba yake. Ni ya mviringo, isipokuwa upande mmoja ulionyooka wa kutosha meza na kiti. Upana wa nafasi wazi ni hatua 16. Vitabu vilipangwa katika rafu za ngazi tano kuuzunguka ukuta, hivi kwamba akikaa mezani aliviona vyote kwa mzunguko mmoja wa shingo, na madirisha matatu yalimpa upeo wa mbali.

Pembeni ya maktaba kuna kijichumba chenye meko, kwa ajili ya majira ya baridi. Alitamani kuongeza kila upande baraza la kutembelea lenye urefu wa hatua 100 na upana wa 12, kwa sababu, alisema, mawazo yake husinzia akikaa na akili haiendi miguu isipoisukuma. Gharama haikumtisha kama usumbufu wa kujenga, na mabaraza hayo hayakujengwa.

14. Ni maandishi gani yaliyo kwenye boriti?

Boriti za dari ya maktaba zimeandikwa kwa rangi semi zaidi ya hamsini za Kigiriki na Kilatini. Nyingi zimetoka katika Biblia, hasa kitabu cha Mhubiri na nyaraka za Mtume Paulo, na nyingine kwa Sextus Empiricus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa shaka, aliyefundisha kuahirisha hukumu pale hoja zinapolingana uzito. Upo pia ule msemo wa Terentius, mwandishi wa tamthilia wa Kirumi, kwamba yeye ni mtu na hakuna lihusulo watu aliloliona geni kwake.

Semi hizo hazikuandikwa zote kwa mara moja. Mahali pengine usemi mmoja umeandikwa juu ya mwingine uliofutwa, na herufi za chini bado huonekana kidogo zikimulikwa vizuri. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika chumba kile, kwa kuwa mwenyewe aliendelea kuihariri dari kama alivyoendelea kuzihariri insha.

15. Je, ni kweli alijifungia mnarani na kuukimbia ulimwengu?

Hili ndilo kosa la kawaida zaidi, na mwenye nyumba amechangia kulizalisha. Kwenye ukuta wa kijichumba cha pembeni aliandikisha maneno ya Kilatini yanayosema kwamba mwaka 1571, siku ya mwisho ya Februari, akitimiza miaka 38 na akiwa amechoshwa na utumwa wa mahakama na kazi za umma, amejirudisha kwenye mapumziko ya elimu katika makao ya wazee wake.

Lakini tazama mnara ulipo. Umesimama kwenye lango. Kutoka maktaba, kwa maneno yake, aliona chini yake bustani, ua wa kuku, ua mkubwa na sehemu nyingi za nyumba, na kutoka hapohapo alitoa amri za kazi za shamba. Chini ya miguu yake padre alisoma Misa. Juu ya kichwa chake kengele iliwaita watu wa kilimani. Hakulala maktabani usiku, na katika majira ya baridi alikaa humo kwa muda mfupi zaidi kwa sababu ya upepo. Baada ya tamko lile la kustaafu alisafiri kwenda Italia kupitia Ujerumani na Uswisi kwa zaidi ya mwaka mzima, kuanzia Juni 1580 hadi Novemba 1581, akawa meya kwa vipindi viwili, na akatumika kama msuluhishi kati ya wakuu waliopigana. Maktaba ilikuwa chumba cha kazi cha bwana wa shamba aliyetaka saa chache zisizokatizwa na mke, watoto na wapangaji. Hilo amelisema waziwazi.

16. Vitabu vyake viko wapi sasa?

Havipo mnarani. Alikadiria kuwa navyo karibu 1,000, vikiwamo alivyorithi kwa rafiki yake Étienne de La Boétie, aliyefariki mwaka 1563. Bintiye Léonor alivitoa kwa padre mmoja wa jimbo la Auch, na tangu hapo vikatawanyika. Karibu 100 vimetambuliwa katika maktaba mbalimbali, kwa kawaida kwa sahihi yake kwenye ukurasa wa jina. Nakala ya insha za mwaka 1588, ambayo pambizo zake zimejaa nyongeza za mkono wake, imehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Bordeaux.

## Vita, tauni na mfalme

17. Nyumba iliponaje katika miaka thelathini ya vita vya dini?

Michel aliamua kutoilinda. Ukuta wa Pierre ulikuwapo, lakini badala ya askari aliweka bawabu mmoja mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kumfungulia mgeni kwa adabu kuliko kumzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba ulinzi humchokoza mshambuliaji na kumpa sifa akishinda, ilhali kuivamia nyumba iliyo wazi ni aibu tupu. Alidai kwamba, kwa kadiri alivyojua, hakuna mwenye nyumba ya hadhi yake Ufaransa aliyeiachia mbingu peke yake kuilinda.

Hesabu hiyo ilikaribia kumponza. Jirani mmoja alifika langoni peke yake, farasi wake akitweta, akadai kwamba amekutana na maadui karibu na pale na watu wake wametawanyika. Akakaribishwa. Punde wakaja askari wake wanne au watano na kisa kilekile, halafu wengine, hadi uani wakawa kati ya 25 na 30, wote juu ya farasi. Michel alikwisha kuelewa, lakini hakuona faida ya kugeuza ukarimu nusu njia, akaendelea kumkaribisha jirani sebuleni kama mgeni yeyote. Mgeni akasimama ghafla, akapanda farasi wake akaondoka, huku watu wake wakimkodolea macho wakingojea ishara ambayo hakuitoa. Baadaye mtu huyo alipenda kusimulia kwamba uso wa mwenyeji wake na uwazi wake ndivyo vilivyomnyang'anya usaliti mkononi.

Adui aliyeingia kwa hakika alikuwa tauni. Mwaka 1586, wakati jeshi la Wakatoliki likiizingira Castillon, ugonjwa ulienea hadi kilimani, na Michel akaihama nyumba pamoja na familia yake kwa muda wa miezi sita, wakihangaika kutafuta pa kupokelewa. Ameandika kwamba zabibu, mali kuu ya nchi ile, zilibaki zikining'inia mizabibuni bila wa kuzichuma, na kwamba watu wengine walijichimbia makaburi yao wakiwa bado wazima.

18. Je, mfalme Henri wa Nne alilala hapa?

Alilala kabla hajawa mfalme wa Ufaransa. Tarehe 19 Desemba 1584 Henri, wakati huo mfalme wa Navarre na kiongozi wa Waprotestanti, alifika na kundi kubwa la mabwana, akakaa siku mbili. Michel ameandika katika daftari la kumbukumbu za ukoo kwamba mgeni huyo alihudumiwa na watumishi wa nyumba peke yao, hakutaka chakula kionjwe kwanza, kama wakuu walivyofanya kwa kuhofia sumu, na alilala katika kitanda cha mwenyeji wake. Walipoagana, Michel alimfungulia paa dume msituni, na msako ukachukua siku mbili.

Alirudi tarehe 24 Oktoba 1587, siku nne tu baada ya kuyashinda majeshi ya kifalme huko Coutras. Kiongozi wa Waprotestanti akila mezani kwa Mkatoliki, hatua chache kutoka altare ya Mtakatifu Mikaeli, ni jambo linaloeleza siasa ya nyumba hii vizuri kuliko tamko lolote la ukutani (linganisha na swali la 15).

## Baada ya 1592

19. Ilikuwaje moto wa 1885, na nani aliijenga upya?

Kwa njia ya Léonor nyumba ilipita kwa wazao wake, kisha kwa ukoo wa Ségur, na katikati ya karne ya 19 ikanunuliwa na Pierre Magne, waziri wa fedha wa Napoleon wa Tatu. Januari 1885 jengo kuu liliteketea. Familia ya Magne ililijenga upya kwa mtindo unaoiga karne ya 16, na ndilo linalowapokea wageni leo kwa mapaa yake marefu. Mnara umesimama mbali kidogo na jengo hilo, kwenye kona ya lango, na umbali huo ndio uliouokoa. Nyumba bado ni mali ya watu binafsi, na shamba linaendelea kutoa mvinyo.

20. Alifia katika chumba kipi, na amezikwa kikanisani?

Simulizi maarufu ni ya rafiki yake Étienne Pasquier: alipokosa uwezo wa kusema aliomba kwa maandishi mabwana wa jirani waitwe waagane naye, Misa ikasomwa chumbani mwake, na padre alipoinua Hostia mgonjwa akajiinua kitandani mikono imefumbwa, akakata roho. Pasquier hakuwapo, kwa hiyo asichukuliwe kama shahidi wa macho, na hakusema ni chumba kipi. Wenyeji huonyesha chumba cha mnarani. Hata hivyo, Misa iliyosomwa chumbani juu ya kikanisa chenye kitundu cha sauti inaleta swali ambalo mtembeza wageni mwangalifu atakuachia ulifikirie: kwa nini padre hakubaki chini? Huenda mgonjwa alihitaji kupokea Ekaristi, au huenda alikuwa amelala katika jengo kuu.

Hakuzikwa kikanisani. Moyo wake uliachwa katika kanisa la parokia la Saint-Michel, na mwili ukapelekwa Bordeaux katika kanisa la watawa wa Feuillants. Kaburi lake la mawe, lenye sanamu yake amelala ndani ya deraya na simba miguuni, liko katika Makumbusho ya Aquitaine mjini humo. Mwaka 2018 liligunduliwa jeneza katika ghorofa ya chini ya makumbusho hayo, na uchunguzi wa mabaki ukafuata.

21. Shajara ya safari ya Italia ilipatikana wapi?

Humu nyumbani, ndani ya sanduku la zamani, mwaka 1770. Aliyeikuta ni padre Joseph Prunis, aliyekuwa akikusanya kumbukumbu za historia ya Périgord, jina la zamani la eneo la Dordogne. Ilichapwa mwaka 1774, na hati yenyewe ikapotea baadaye.

22. Ule mnara wa pili uani ni wa nini?

Unaitwa Trachère, nao uko kwenye kona nyingine ya ukuta wa mbele. Masimulizi ya mahali huuita mnara wa Françoise de La Chassaigne, mke wa Michel, kana kwamba kila mmoja alikuwa na mnara wake na walionana kwa miadi. Michel hasemi hivyo. Anachosema ni kwamba hakupenda habari za usimamizi wa mali na aliuona uchumi wa nyumba kuwa elimu yenye manufaa na heshima kuliko zote kwa mama wa nyumba, maneno yanayodokeza kwamba wakati yeye akihariri boriti, hesabu za mizabibu, za wapangaji na pengine za mafuta ya taa ya kikanisani zilikuwa mikononi mwa Françoise.